Somo: Mkate wa Kumimina kwa Moto wa Makaa, na Sababu Wako Hautoi Vitundu

Ramadhani inapokaribia, na mwaka huu hata Maulidi hayajapita, ujumbe ninaoletewa huwa ni ule ule: mkate wa kumimina umelala, chini umeshikana, juu hauna tundu hata moja, nifanyeje? Nimewajibu wengi mmoja mmoja, wengine zaidi ya mara moja, na sasa nimeona afadhali niandike hapa kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku bila ya maneno mengi. Ninaueleza kwa namna tunavyoupika nyumbani hapa Lamu, mkate ambao wengine huuita mkate wa sinia, kwa moto wa makaa chini na juu. Mwenye oveni nitamtaja atakapostahili kutajwa.

Vipimo, kwa kikombe cha mililita 250, ni hivi: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na robo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, chumvi chembe, ute wa yai 1 kwa apendaye, na samli ya kupakia sufuria. Vinatosha sufuria yenye upana wa sentimita 22 hivi, nayo iwe na kina, kwa sababu uji utapanda.

Hatua ya kwanza. Osha mchele na uuroweke usiku kucha. Mwenye haraka asipunguze saa 4. Mchele uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa haufai kwa kazi hii.

Hatua ya pili. Kuna nazi mbili zilizokomaa, ukamue tui la kwanza peke yake kwa maji machache ya uvuguvugu. Tui la pili lina kazi yake katika wali na mboga, lisiingie hapa.

Hatua ya tatu. Mwaga maji ya kurowekea na uuache mchele ndani ya chujio mpaka usidondoke tena, kwa kuwa maji yanayojificha baina ya punje hayamo katika vipimo vyangu na ndiyo yanayowadanganya watu. Saga kwa tui, kidogo kidogo. Blenda ikigoma, izime, koroga kwa mwiko, kisha uendelee. Usiisaidie kwa maji. Chukua tone usugue kati ya vidole viwili: ukihisi punje hata moja inayokwaruza, rudia kusaga. Mwisho tia sukari, iliki, chumvi, hamira na ule ute wa yai, usage kwa muda mfupi tu hadi vichanganyike. Hakikisha uji haujapata moto kwa kuzunguka sana ndani ya blenda, maana hamira hufa kwa joto kali. Ukiwa wa moto, subiri upoe kabla ya kutia hamira.

Hatua ya nne ni uzito wa uji na kuumuka kwake. Hapa ndipo mikate inapoharibika, ya kwangu ya zamani ikiwamo, kwa hiyo nawaomba msome polepole. Unga wa ngano una mnato wake unaoishika hewa, na ndiyo sababu mahamri husamehe makosa mengi. Mchele hauna mnato huo. Hewa inayotolewa na hamira ndani ya uji wa mchele huzuiwa na uzito wa uji wenyewe tu, basi. Uji ukiwa mwepesi, mapovu hupanda juu, hupasuka na kutoroka, na unga wa mchele nao huzama chini ukatengeneza lile tabaka la gundi mnalolilalamikia. Ukiwa mzito kupita kiasi, mapovu hayana nguvu ya kuuinua, na mkate hutoka mfupi wenye nyufa. Kipimo changu ni hiki: chota kwa upawa na umimine kutoka juu, uji uteremke kama utepe usiokatika, na pale unapoangukia uache alama inayoonekana kidogo kabla ya kufutika. Alama ikifutika papo hapo, uji ni mwepesi. Ukikatika vipande vipande, ongeza tui kijiko kimoja kimoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sukari ikiyeyuka huulainisha uji, na uji uliokuwa barabara kabla ya sukari hugeuka mwepesi baada yake. Kwa hiyo pima uzito baada ya sukari kuyeyuka kabisa, si kabla. Kwa tahadhari, bakisha konzi moja ya mchele ulioroweka bila ya kuisaga. Uji ukikutoka mwepesi, saga konzi hiyo pamoja na sehemu ndogo ya uji na uirudishe. Usirekebishe kwa unga wa ngano, labda kama unataka mkate mwingine.

Funika, weka mahali pasipo upepo. Muda siutaji kwa uhakika kwa sababu hali ya hewa ndiyo inayouamua: wakati wa kaskazi, jua linapochoma, dakika 40 zinaweza kutosha, na wakati wa kusi nimewahi kusubiri zaidi ya saa nzima kwa vipimo hivyo hivyo. Tazama uji, usitazame saa. Uwe umepanda karibu mara mbili na uso wake umejaa mapovu madogo yanayopasuka taratibu. Ukiona katikati pameanza kuzama na harufu inaelekea kwenye uchachu, umechelewa. Na ukishaumuka, usiukoroge. Naona nirudie: usiukoroge, usiupige, usiuonje kwa kuzungusha kijiko, wala usiuhamishe bakuli ili uone umepanda kiasi gani. Hewa hiyo ndiyo vitundu vyenyewe.

Hatua ya tano. Anza kuwasha moto kabla uji haujafika, kwa sababu uji hauwezi kukungoja wewe ukipepea makaa. Paka sufuria samli chini na ubavuni, iweke jikoni ipate moto, udondoshe tone la uji: likilia, sufuria iko tayari. Mimina kwa mara moja, ukiwa umekaribia sufuria. Kisha punguza makaa ya chini yabaki machache, na uache wazi kwa dakika chache hadi uone kandokando pameanza kushika na juu vitundu vinafunguka kimoja kimoja. Ukifunika kabla ya hapo, matone ya mvuke yataanguka kutoka kwenye kifuniko na kuvifunga. Sasa funika kwa bati au kifuniko bapa na upalie makaa juu, moto wa juu ukiuzidi wa chini. Makaa ya vifuu ni makali sana, kwa hiyo yatumie kwa uchache. Makumbi nayo yaache yamalize moshi kwanza, usije ukala mkate wenye harufu ya tanuri la chokaa. Baada ya dakika 20 hadi 30 uso utakuwa wa rangi ya hudhurungi na kijiti kitatoka kikavu. Mwenye oveni aanze jikoni vivyo hivyo hadi vitundu vifunguke, kisha aingize kwenye joto la digrii 180 kwa muda wa nusu saa hivi.

Hatua ya sita. Pitisha kisu ubavuni, pindua siniani, na uungoje upoe kabla ya kukata.

Maswali ya wanachama

Mke wa Nahodha: Assalaam alaykum. Shukrani kwa somo. Mchele ni vikombe vingapi?

Bi Kifumbu: Wa alaykum salaam. Viwili. Vimo katika aya ya vipimo.

Binti Langoni: Shikamoo Bi. Uji wangu uliumuka vizuri sana na juu vitundu vilitoka, lakini nilipokata nikakuta chini kuna tabaka jeupe lililoshikana, unene wa kidole. Upande wa juu ulikuwa mzuri kabisa. Je, hilo ni kosa la uzito au la moto?

Bi Kifumbu: Marahaba, mwanangu, na umeuliza vizuri kwa sababu umeeleza ulichokiona. Linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na njia ya kuyatenganisha ni kuutazama uji wenyewe kabla ya kumimina. Chovya kijiko hadi chini ya bakuli bila ya kukoroga, ukitoe taratibu. Kikitoka na unga mzito uliotuama, basi mchele haukusagika sawasawa au uji ulikuwa mwepesi, na unga umezama ulipokuwa ukiumuka. Ikiwa uji wa chini na wa juu ni mmoja, kosa ni la sufuria: haikuwa na moto wa kutosha ulipomimina, na uji wa chini ukakaa bila ya kuiva huku hewa yake ikipanda. Kwa kuwa vitundu vya juu vilitoka vizuri, mimi naishuku sufuria. Safari ijayo usimimine kabla tone halijalia.

Kijana wa Shela: Nimefuata kila kitu na haukuumuka kabisa. Nilitumia unga wa mchele wa dukani kwa sababu blenda imeharibika, na hamira ni ile iliyobaki tangu Ramadhani iliyopita. Nadhani vipimo vyako vina kasoro.

Bi Kifumbu: Hukufuata kila kitu, bwana. Hamira iliyokaa wazi miezi mingi hivyo ijaribu kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Isipotoa povu kwa dakika 10, itupe. Unga wa dukani ni somo jingine.

Kijana wa Shela: Nimeijaribu. Haikutoa povu. Samahani.

Bi Kifumbu: Hapana neno. Ukitaka kutumia unga wa dukani, uroweke kwa tui usiku kucha mahali penye baridi ili punje zake zilainike, na hamira uitie asubuhi. Utaliwa, ila hautakuwa laini sawa na wa kusaga.

Mama Wawili, Nairobi: Dada, huku kwetu mwezi wa saba ni baridi tupu. Uji ulikaa saa mbili ukapanda kidogo tu. Niongeze hamira?

Bi Kifumbu: Usiongeze, utaisikia hamira mdomoni kuliko iliki. Ongeza joto. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, ufunge mlango, na maji yakipoa uyabadilishe. Tui nalo lisitoke friji moja kwa moja.

Msafiri wa Muskat: Mimi natumia tui la kopo, na kila kopo lina uzito wake.

Bi Kifumbu: Ndivyo yalivyo. Tikisa kopo kabla ya kufungua, kwa sababu mafuta hujitenga yakakaa juu, na usimimine kipimo chote kwa pamoja. Bakisha robo kikombe, upime kwa upawa, kisha uamue.

Mjukuu wa Mkomani: Bi, kwa heshima zako, nyanya yangu hutia sukari baada ya uji kuumuka na mkate wake una vitundu tele. Sasa wewe unasema kukoroga ni kosa.

Bi Kifumbu: Nisalimie nyanya. Yeye anatia sukari kwa mkono uliozoea, anajua uji wake wa kwanza uwe mzito kiasi gani ili sukari iukute hapo anapotaka, na bila shaka huuacha upande tena kabla ya kumimina. Mwenye mkono huo hahitaji somo langu. Nimewaandikia wanaoanza, nao wakikoroga hukoroga kwa nguvu. Keti karibu naye siku anapopika, utazame anausubirisha muda gani baada ya sukari, kisha utueleze hapa; mimi mwenyewe ningependa kujua.

Mjukuu wa Mkomani: Nimemuuliza. Anasema huungoja "mpaka urudi", na mchele wake huusaga mzito kuliko wa vitumbua.

Bi Kifumbu: Basi ni hivyo. Ahsante sana.

Mpenda Nazi: Machicha mnayafanyia nini? Kwangu hutupwa kila siku.

Mke wa Nahodha: Kwetu ni chakula cha kuku. Mengine nasugulia nayo vyombo vya mbao, yanaacha mafuta kidogo na kinu hakipasuki.

Bi Kifumbu: Na kiini cha yai kinachobaki msikitupe. Kitieni katika unga wa mahamri, au kisubiri mkate wa mayai wa kesho.

Mfumaji: Bi Kifumbu, mimi wakati uji unaumuka huwa nafuma sweta la mjukuu aliye Nairobi, na mara mbili nimeutia uzi madoa ya samli. Ninyi mnaoshona kofia nyeupe mnafanyaje?

Bi Kifumbu: Dadangu, samli na kofia nyeupe havikai chumba kimoja. Mimi sipaki sufuria mpaka uji uwe tayari, ndipo naweka sindano chini, na kofia inaingia mfukoni mwake kabla sijafungua mkebe. Doa likishaingia, pakaza sabuni ya kipande ikiwa kavu juu yake, iache kwanza, kisha fua kwa maji ya uvuguvugu. Ikiwa uzi wako ni wa sufu, usiusugue wala usiufue kwa maji ya moto, utarudi sweta la mwanasesere.

Mfumaji: Nimefurahi. Na kwa mjukuu wa Lamu, uzi wa pamba unatosha, hata wakati wa kusi.

Binti Langoni: Bi, nimerudi. Sufuria ndiyo iliyokuwa na makosa. Leo tone lililia na chini hakuna tabaka. Swali la mwisho: uliobaki niuweke friji?

Bi Kifumbu: Hongera, mwanangu. Usiuweke friji, mchele ukipoa humo hukauka ukawa mgumu. Kwa usiku mmoja ufunge kwa kitambaa safi ndani ya chombo chenye kifuniko, na asubuhi uweke vipande juu ya chujio lililowekwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ufunike kwa dakika 5. Lakini wakati wa joto kali la kaskazi usiuache nje kupita usiku huo, kwa kuwa una tui ndani yake.