Mlima Meru na marafiki: siku nne kutoka Momella hadi kileleni na kurudi

Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, una urefu wa zaidi ya mita 4,560 na ni wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro. Mnalala kwenye vibanda vya hifadhi: kwanza Miriakamba (mita 2,514), kisha Saddle (mita 3,570), mkishuka mnalala tena Miriakamba. Wapo wanaoupanda kwa siku tatu. Msikubali. Siku tatu maana yake mtoke Saddle usiku wa manane, mfike kileleni, halafu siku hiyohiyo mshuke mpaka getini Momella, karibu mita 1,500. Huo ni mteremko wa mita elfu tatu na zaidi kwa magoti ambayo hayajalala. Akiba ya siku moja mtailipa kwa kuchechemea wiki nzima.

Kabla ya kuondoka

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na mwisho wa Desemba hadi Februari. Wakati wa masika njia ya msituni ni utelezi, na miamba ya juu inapolowa inakuwa ya hatari hasa.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo msifike getini na noti mkadhani mambo yameisha. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao, ila kila mmoja awe na kitambulisho mkononi. Askari wa hifadhi mwenye bunduki ni lazima, kwa sababu ya nyati na tembo wa maeneo ya chini. Mwongozaji mnamkodi wenyewe, na kwa kundi la watu sita chukueni na msaidizi wake. Mtu mmoja akiumwa usiku wa kilele lazima ashuke na mwongozaji. Mkiwa na mmoja tu, wote mnashuka.

Wapagazi wapangieni mzigo wenu usiozidi kilo 15 kila mmoja, maana na wao wana blanketi na chakula chao. Pimeni mabegi kwa mizani nyumbani. Kukadiria kwa mkono ndiko kunakoleta ugomvi getini.

Nguo za mlimani si lazima ziwe mpya. Mitumba inatosha, na vifaa vya kukodi vipo Arusha na Moshi. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani: pamba ikilowa jasho haikauki, na mkisimama kwenye upepo inawafyonza joto. Kila mtu awe na fulana mbili za polista au sufu za kuvaa karibu na ngozi, sweta zito, koti la mvua lisilopitisha upepo, glavu, kofia ya sufu, tochi ya kichwani na betri za akiba, na begi la kulalia la kuhimili sifuri au chini yake. Vibandani kuna vitanda na magodoro, blanketi hakuna. Buti ziwe zimeshavaliwa angalau wiki tatu. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla ya safari, kwa sababu wakati wa kushuka kidole kinagonga ncha ya buti maelfu ya mara, na kucha ndefu inang'oka.

Chakula, moto na maji

Kuni hairuhusiwi, mnapika kwa gesi. Mtungi wa kilo 6 unawatosha watu sita kwa siku nne, lakini ukijaa unakaribia kilo 13 pamoja na chuma, kwa hiyo ni karibu mzigo mzima wa mpagazi mmoja. Usiku uwekeni ndani ya jengo la jikoni. Ukilala nje kwenye baridi, asubuhi moto unakuwa hafifu na chai inachelewa.

Pale Saddle maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage mabichi hayaivi hata mkikesha nayo. Yapikeni nyumbani, au bebeni dengu na choroko. Ugali unahitaji muda mrefu zaidi, na wengi tumbo linaukataa kwenye mwinuko. Wali, viazi, supu ya mboga na uji wenye karanga vinashuka vizuri zaidi. Kwa mtu mmoja kwa siku kadirieni mchele au tambi gramu 250, unga wa uji gramu 60, karanga gramu 100, sukari gramu 80, mayai mawili ya kuchemsha, na kitu cha chumvi. Chumvi msiipuuze. Mtu anayekunywa maji mengi bila chumvi analegea akidhani ni uchovu.

Maji ya kunywa yachemke dakika tatu kamili. Kila mtu anywe lita tatu kwa siku. Kabla ya kutoka Miriakamba mwulizeni askari kama Saddle kuna maji. Kiangazi yanaweza kukosekana, na hapo kila mmoja anapandisha lita tatu au nne. Mifuko ya plastiki ni marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo vyakula vifungwe kwenye vyombo au mifuko ya kitambaa.

Siku ya kwanza na ya pili

Kutoka Arusha mnafuata barabara ya Moshi hadi Usa River, mnakata kushoto, mnapita geti la Ngongongare, kisha ndani ya hifadhi hadi Momella. Mfike kabla ya saa nne asubuhi. Kuna njia mbili za kwenda Miriakamba: fupi, saa tatu hivi, yenye mbuga na twiga, na ndefu, saa tano, inayopita msituni chini ya mti mkubwa wa mtini uliofanya tao. Pandeni kwa ndefu, mshuke kwa fupi. Mwendo mrefu wa taratibu ndio unaouzoesha mwili hewa nyembamba. Askari atangulie, kundi libaki pamoja; anayetaka picha aseme, wote wasimame.

Siku ya pili ndiyo inayoamua safari. Kutoka Miriakamba hadi Saddle mnapanda zaidi ya mita elfu moja, wakati ushauri wa kawaida juu ya mita 3,000 ni kutoongeza zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa siku. Njia haina namna ya kuigawa, kwa hiyo punguzeni makali yake. Ondokeni saa mbili asubuhi, mpumzike mahali paitwapo Mgongo wa Tembo, mfike Saddle saa saba au saa nane mchana. Kuleni, pumzikeni saa moja, kisha pandeni Meru Ndogo (mita 3,820) polepole na kurudi kulala. Kupanda juu na kulala chini kunasaidia kweli. Anayeruka hatua hii kwa kuwa amechoka mara nyingi ndiye anayeamka na kichwa kinachopasuka.

Mwendo sahihi ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Anayekwenda polepole kuliko wote akae nyuma ya mwongozaji, wenye nguvu wafunge msafara. Wanaume vijana hasa waelewe hili: ubavu wa mpirani hauna uhusiano na kuzoea mwinuko.

Anayetaka acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, amwone daktari mapema, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Mtu akae alipo, anywe maji, asipande hadi kipoe. Lakini anayepepesuka kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayehema akiwa amekaa tu, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kipimo rahisi: atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashuka. Amri hii iwe ya mwongozaji, na mkubaliane hivyo mkiwa bado Momella, kwa maana kule juu kila mtu atasema yuko sawa.

Usiku wa kilele

Lala saa moja jioni hata kama usingizi hauji. Simu na betri zilale ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza. Amkeni saa sita na nusu usiku, kunyweni chai na uji mwepesi, ondokeni saa saba na nusu. Mkiondoka mmevaa kila kitu mtatoa jasho katika nusu saa ya kwanza. Toka ukisikia baridi kidogo, koti liwe juu kabisa ya begi. Chupa za maji zigeuzwe mdomo chini, barafu huanzia juu.

Baada ya mwendo wa saa moja mko Rhino Point. Hapo njia inashuka, inavuka mwamba mtupu, kisha inaanza kupanda ukingo wa kreta kwenye majivu ya volkano. Mwambani mtu mmoja mmoja, mikono huru, magongo yamefungwa begini. Kwenye majivu hatua ziwe fupi, maana kila hatua inateleza nyuma kidogo na anayelazimisha anachoka bure. Mkifika Cobra Point, karibu mita 4,350, pimaneni tena: hatua kumi, jina, siku ya leo. Kutoka hapo hadi Socialist Peak, yaani kilele chenyewe, ni mwendo wa saa moja au zaidi. Wekeni saa ya kugeuza: saa mbili asubuhi, mahali popote mlipo.

Bakizeni nusu lita ya maji na kipande cha kula kwa ajili ya kurudi. Kabla ya Saddle kuna kupanda tena kuelekea Rhino Point, na ndipo watu waliomaliza kila kitu kileleni wanapokaa chini. Mwamba ule wa usiku sasa mnauona wote, na bonde lililo chini yake. Pitieni bila haraka.

Saddle pumzikeni saa moja na nusu, mle, kisha mshuke Miriakamba kulala. Siku ya nne ni saa tatu tu hadi Momella. Bahashishi igawiwe hapo getini, mbele ya wote, kila mpagazi apewe yake mkononi kabla gari halijafika.