Somo: Kusoma jedwali la baruti kabla ya kujijazia risasi za kuwindia

Somo hili ni la wenzetu walioko Marekani, wanaowinda kulungu na kujijazia risasi nyumbani. Tangu tarehe 1 Julai 2019, jimbo la California limekataza risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji wote. Wengi tumehamia vichwa vya shaba, lakini bado naona watu wakitumia mistari ya jedwali tuliyoizoea zamani. Jambo hilo linanikosesha usingizi.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana Kiswahili chetu kinaita risasi madini, na kinaita risasi kitu chenyewe. Humu, kichwa ni kile kinachoruka, ganda ni kile kinachobaki, fataki ni kile kinachowasha baruti. Vyote vikishaunganishwa ndiyo risasi.

Hatua ya 1: Soma maelezo ya juu kabla ya namba. Jedwali ni taarifa ya jaribio: linasema baruti kiasi gani iliwekwa kwa kila kichwa. Watu wa maabara walichukua ganda fulani, fataki fulani, kichwa fulani na mtutu wa urefu fulani, wakapima presha, wakachapisha walichokiona. Namba ile ni ya vitu vile. Mimi huviandika kwenye daftari, kila kimoja na mstari wake, kisha naweka tiki kwenye kile nilicho nacho mezani. Kichwa au baruti ikikosa tiki, namba hizo si zangu, natafuta jedwali jingine. Ganda au fataki ikitofautiana, naanzia kiwango cha chini kabisa. Maganda ya kijeshi hasa yaangaliwe: mara nyingi kuta zake ni nene, nafasi ndani ni ndogo, na kipimo kile kile cha baruti huleta presha kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Jina la baruti, herufi kwa herufi. H4831 na IMR 4831 ni baruti mbili tofauti, na ya IMR huwaka haraka zaidi. Ukikariri namba ukaacha herufi, umeshapotea. Mezani pawe na kopo moja tu. Mengine yabaki kabatini.

Hatua ya 3: Uzito sawa si kichwa sawa. Hapa naomba mtulie. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki 9. Kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 165 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) lazima kiwe kirefu kuliko kile cha kawaida cha greni 165. Urefu huo wa ziada huingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Pia shaba ni ngumu, haikubali kubanwa na mtutu kama madini laini ya risasi.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Msimu mmoja nilitumia mstari wa kichwa cha kawaida kwa kichwa cha shaba. Nilipofyatua ya kwanza, mkono wa bolti, ile komeo inayofunga ganda ndani ya bunduki, uligoma, nikausukuma juu kwa kiganja. Ganda lilipotoka, kitakoni kulikuwa na alama ndogo ya duara inayong'aa kama imepigwa msasa, na fataki ilikuwa imelala bapa hadi kingo zake zimejaza tundu. Hizo ni alama za presha kubwa mno. Sikufyatua ya pili. Nilirudi nyumbani nikazifumua 19 zilizobaki, moja moja.

Hatua ya 4: Anza chini, panda kidogo kidogo. Jedwali likitoa kiwango cha juu pekee, desturi ni kupunguza asilimia 10, isipokuwa mchapishaji ameagiza vingine. Hakikisha mizani inasoma greni. Gramu moja ni greni 15.4 hivi, na mizani nyingi za betri hubadilika kwa kugusa kitufe kimoja. Weka rula chini ya mstari unaousoma.

Hatua ya 5: Fuata urefu wa risasi nzima. Ukizamisha kichwa kupita ilivyoandikwa, nafasi ya baruti inapungua. Ukikiacha kiguse mifereji ya mtutu, presha inapanda vilevile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Vitabu viwili vinanipa viwango vya juu tofauti kwa baruti ile ile. Nimwamini nani?*

Marahaba. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa mtutu na vifaa vyake. Anza na kiwango cha kuanzia kilicho chini kati ya hivyo viwili, na kiwango cha juu kilicho kidogo kiwe ndio ukomo wako.

*Kama chini ni salama, kwa nini nisishuke chini zaidi ya jedwali?*

Hapana, kaka. Baruti inayowaka polepole ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa huweza kuwaka ovyo, au kichwa kikakwama mtutuni. Ukifyatua nyingine nyuma yake, bunduki inapasuka.

*Sijaona alama yoyote kwenye maganda yangu. Naweza kupita kiwango cha juu kidogo?*

Usipite, dada. Kiwango cha juu cha presha cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya silaha na risasi, kwa risasi aina ya .308 Winchester ni psi 62,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na nyumbani hatuna chombo cha kukipima. Alama mara nyingi hujitokeza presha ikiwa imeshapita. Ukiwa na kipima mwendo, kitazame: mwendo ukizidi wa kitabu kwa mtutu wa urefu ule ule, jua presha nayo imepanda, hata kama ganda ni safi. Rudi chini.

*Niko Arusha na nina leseni ya bunduki. Naweza kuanza?*

Leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nenda kwa mamlaka ya silaha ya polisi kwanza, na usinunue hata kopo moja kabla ya kupata jibu la maandishi.

*Nimeachiwa daftari la marehemu baba, lina vipimo vyake vyote vya risasi aina ya .30-06. Alivitumia miaka mingi bila shida.*

Pole sana, na litunze. Lakini vile vilikuwa vipimo vya bunduki yake na makopo ya baruti ya wakati ule. Chukua jedwali jipya la mtengenezaji wa baruti, anza chini, na matokeo yako uyaandike kwenye kurasa zilizobaki.