Kuchunguza lemuri wa Madagaska: walio hai, vinasaba vyao na mifupa ya waliotoweka

Lemuri ni wanyama wa kundi moja na kima na nyani. Kosa la kwanza katika kuwachunguza hufanyika kabla ya safari: mtu anataka kuchunguza "tabia za lemuri" zote kwa mkupuo mmoja. Chagua swali linalojibika kwa kuhesabu. "Jike wa lemuri mkia-pete humwondoa dume kwenye chakula mara ngapi kwa saa?" ni swali. "Majike wana nguvu gani?" ni gumzo.

Anza vibali miezi kadhaa mapema, na uwe na mshirika kutoka chuo kikuu cha Madagaska. Lemuri wote wamo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo hata tone la damu au shungi la nywele halivuki mpaka bila kibali cha kutoka na cha kuingia.

Kwa anayeanza, mkia-pete ndiye mwalimu mzuri: hutembea mchana, na muda mwingi huwa chini. Usimtambue kwa pete za mkia, zinafanana mno. Tumia sikio lililochanika, kovu, umbo la weusi kuzunguka macho; dume ana mwiba mgumu kwenye kifundo cha mkono. Wape wiki kadhaa wakuzoee, ukikaa mita tano au zaidi na barakoa usoni, maana mafua yako huenda yakawafikia. Mahali penye uwindaji, fikiri mara mbili: mnyama aliyemzoea mtafiti hamkimbii mwindaji pia.

Kisha andika orodha ya tabia, kila moja na maana isiyobishaniwa. "Kula" ni kuingiza kitu mdomoni na kutafuna. Kushika tunda tu hakuhesabiki. Usiku piga kura ya mpangilio wa majina ya kesho, na kila mnyama mfuate dakika 10. Saa ikilia kila dakika, andika anachofanya sekunde ileile. Matukio mafupi kama ugomvi au kupaka harufu yaandike kila yanapotokea, bila kungoja mlio. Ukurasa hufanana na huu:

06:40, jike wa sikio lililochanika. Dakika ya 1: ameketi, anaota jua, tumbo wazi, mikono magotini. Ya 2: vilevile. Ya 3: anakula ganda la ukwaju. Tukio: dume anasogea hadi mita moja, jike anamkazia macho, dume anatoa kilio kifupi na kuondoka.

Hakuna "jike kashinda" hapo. Ushindi ni tafsiri. Kilio na kuondoka ndivyo vilivyoonekana, na dume kunyenyekea bila kuguswa ndiyo alama unayotafuta. Ukiacha zamu ya kura ili umfuate anayepigana kwa sababu anavutia, data yako itajaa vita ambavyo msitu haukuwa navyo. Wawili mkiandika, mfuateni mnyama mmoja kwa pamoja kila wiki na kulinganisha kurasa. Mkitofautiana, rekebisheni maana za tabia kwanza. Na vipindi 300 vya wanyama 12 si sampuli 300. Ni wanyama 12, kokotoa hivyo.

Majira nayo hudanganya. Mkia-pete hupandana karibu na Aprili na Mei, na jike huwa tayari kwa chini ya siku moja. Miezi miwili ya kukaa huko haikupi haki ya kusema "mwaka mzima".

Usiku vaa tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, tembea polepole, tazama macho yanayong'aa. Ukihesabu wanyama kwenye mstari ulionyooka, pima umbali wa pembe mraba kutoka pale mnyama alipoonekana kwanza hadi kwenye mstari, si hadi ulipo wewe. Kosa hili hupunguza makadirio ya idadi bila mtu kugundua. Lenga kuona makundi 60 au zaidi. Kumbuka pia kuwa lemuri kibete wa misitu mikavu hulala hadi miezi saba ndani ya mashimo ya miti. Kutowaona Julai hakusemi lolote kuhusu kutoweka.

Kuhusu asili yao, tahadhari mbili. Lemuri panya wanafanana kiasi kwamba spishi hutenganishwa kwa vinasaba, lakini vinasaba vya mitokondria (viungo vya nishati ndani ya seli) hufuata upande wa mama tu. Chukua na vya kiini cha seli kabla ya kutangaza spishi mpya. Pili, kisiwa hakina visukuku vya lemuri vya mamilioni ya miaka, hivyo tarehe za nasaba huegemea visukuku vya kwingine. Propotto, taya lililopatikana Kenya, liliwahi kuhesabiwa la popo. Mwaka 2018 watafiti walilihusisha na ukoo wa aiai, lemuri wa usiku mwenye kidole chembamba. Wakiwa sahihi, huenda mababu wa lemuri walivuka bahari kutoka Afrika mara mbili, ukoo wa aiai kivyake. Andika upeo wa miaka, usiandike namba moja.

Waliotoweka ni takribani spishi 17, kuanzia kilo 10 hivi hadi Archaeoindris aliyefikia uzito wa gorila. Indri, mkubwa wa walio hai, hafiki kilo 10. Kabla ya kutoboa mfupa wa makumbusho ili kupima umri wake kwa kaboni, upige picha, upime, na uliza kama ulipakwa gundi, kwani kaboni ya gundi huharibu umri. Chukua nusu gramu hivi kwenye sehemu nene isiyo na alama za kupimwa. Kolajeni, yaani protini ya mfupa inayopimwa, ikiwa na uwiano wa kaboni kwa nitrojeni nje ya 2.9 hadi 3.6, itupe. Rekebisha umri kwa SHCal20, mchoro wa kugeuza umri wa kaboni kuwa miaka ya kalenda kwa nusu ya kusini ya dunia. Mikwaruzo ikaguliwe kwa hadubini: ya kisu ina umbo la V, ya sururu ya mchimbaji ina rangi mbichi kuliko uso wa mfupa.

Sababu zisikurupukiwe. Stalagmiti (nguzo za chokaa zinazoota sakafuni) za pango la Anjohibe, kaskazini-magharibi, zinaonyesha msitu ukigeuka nyasi karibu na mwaka 890 bila mvua kubadilika, jambo linaloelekeza kidole kwa moto wa watu. Hilo ni pango moja. Na mfupa mdogo kuliko yote kwa umri si wa mnyama wa mwisho kuishi. Kwenye jedwali andika "alikuwepo hadi", usiandike "alitoweka mwaka".