Kutoa mistari ya kuzunguka kwenye rangi mpya ya gari, hasa kwa sisi wa ukanda wa baridi

Gari imetoka kwa fundi rangi jana, kivulini ukisimama mbele ya mlango unajiona mpaka meno, afu ukiitoa juani pale Kabwe, hapa Mbeya, unakuta boneti lote limejaa mistari myembamba inazunguka zunguka, na kama gari ni nyeusi au bluu iliyokolea ndo balaa kabisa. Wenye gari wanadhani rangi mbovu. Mara nyingi rangi haina tatizo, aliyemalizia polishi alikuwa na haraka, au gari ilifutwa vumbi kwa tambara kavu kabla ya kukabidhiwa. Inatoka vizuri tu, ila mtaani wengi wanaificha na mafuta ya kung'arisha, ukiosha mara mbili mistari hiyo hapo.

Ujue kwanza unafanya nini. Ule mstari ni mkwaruzo kwenye klia, lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, na mkwaruzo haujazwi, unashusha klia ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Klia ya gari huwa na kama maikroni 40 mpaka 60, unywele wa mtu una kama 70, kwa hiyo akiba yako yote ni nyembamba kuliko unywele na ukishaila hairudi mpaka upige upya. Kwa hiyo kuwa bahili.

Hatua ya 1: hakikisha imekauka kweli. Klia ya 2K, ile ya kuchanganya vitu viwili, inakauka kwa kushikana na hadna, yaani dawa ya kuigandisha, na baridi inachelewesha huko kushikana. Maelezo ya kwenye kopo mengi yamepimwa kwenye nyuzi 20 hivi, sasa Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya 10, Njombe na Makete ndo usiseme. Kopo likisema masaa 24 na gari imelala kwenye gereji ya mabati huku kwetu, mpe siku za ziada, wa Kyela kule chini kwenye joto asikudanganye kwamba yeye kesho yake anapiga mashine ya polishi. Bonyeza kucha sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya mdomo wa buti: ikiacha alama, au ukinusa bado thina inanuka, funga mashine yako nenda kale ugali. Klia laini inapata mikwaruzo mipya hata na pedi laini, utazunguka hapo hapo siku nzima.

Hatua ya 2: osha, ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga acha. Kausha kwa taulo la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, usisugue. Na kama sakafu ya gereji ni udongo mwagia maji kwanza, kuanzia mwezi wa 7 upepo huku unabeba vumbi kweli kweli, chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya pedi umetengeneza mistari mingine.

Hatua ya 3: soma mistari yenyewe. Hapa usiwe na haraka mkuu, maana ndo panaamua utumie nini. Zima taa za gereji, washa tochi ya simu, ishike kwa ubavu usiimulike wima, afu sogeza mkono taratibu. Ukiona kama utando wa buibui unaozunguka mwanga na kila ukisogeza tochi nao unahama, hiyo ni ya kuoshea na kufuta. Wala haijazunguka, ni mikwaruzo mifupi ya kila upande, ila ile iliyokaa kukatisha mwanga ndo inayowaka. Ukiona mawimbi mapana kama kivuli yanayofuata njia aliyopita mashine, hiyo ni ya mashine ya mzunguko yenye pedi ya manyoya, fundi alikata, yaani alikwangua klia kwa kompaundi (polishi nzito yenye chembe za kukwangua), akaishia hapo. Ukiona vikia vidogo vilivyojikunja au mistari iliyonyooka inayoenda pamoja, huo ni msasa wa maji namba 1500 au 2000 ambao haukumaliziwa. Aina mbili za kwanza ni nyepesi. Ya msasa inataka ukate kidogo kwanza. Ukipitisha kucha na ikakwama, achana nao huo, mashine haitautoa bila kutoboa klia.

Hatua ya 4: bandika tepu ya karatasi kwenye kingo, mikunjo ya bodi, raba za vioo na plastiki. Kwenye kona klia huwa nyembamba zaidi na pedi inabana hapo joto linapanda haraka. Waliotoboa rangi wengi wametobolea kwenye kona.

Hatua ya 5: jaribu eneo dogo, kama sentimita 50 kwa 50, kabla hujagusa gari zima. Anza na pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia. Ikitoa, umemaliza utafiti, usipande juu zaidi. Isipotoa, chukua kompaundi ya kati na sponji ngumu kidogo, na manyoya iwe ya mwisho kabisa na lazima urudie na sponji laini baada yake.

Hatua ya 6: kupiga sasa. Matone manne matano kwenye pedi, bandika pedi kwenye bodi KABLA ya kuwasha, usipofanya hivyo kompaundi yote itahamia kwenye shati. Kama una DA, ile ambayo kichwa kinazunguka huku kinacheza, sambaza kwenye namba 2 afu fanya kazi kwenye 4 au 5. Ya mzunguko wa kawaida isizidi 1200 mpaka 1500 kwa dakika, na kwenye kumalizia shusha zaidi. Pedi ilale bapa, ukiiinua upande mmoja unachora mawimbi yale yale uliyokuja kuyatoa. Enda taratibu, kushoto kulia afu juu chini, kila njia ilalie nusu ya iliyopita. Angalia kompaundi: mwanzoni ni nyeupe nzito, baadaye inabaki utando mwembamba unaokaribia kuonyesha chini, simamisha hapo. Ukisubiri ikauke itatoa unga na kukwaruza. Gusa bodi kwa kiganja, uvuguvugu sawa, ikikuchoma acha ipoe. Boneti iliyokuwa juani usiiguse kabisa, ingiza kivulini.

Pedi isafishe kwa brashi au upepo wa kompresa kila baada ya sehemu mbili tatu, nyingine ukiikamua unaona rangi ya gari la wiki iliyopita. Pedi chafu inaleta mistari kuliko kompaundi mbaya.

Hatua ya 7: futa uone ukweli. Polishi ina mafuta, yanajaza mikwaruzo yanakudanganya. Changanya spiriti sehemu moja na maji sehemu sita saba, isizidi hapo maana rangi bado changa, nyunyizia kwenye maikrofaiba safi, futa mara moja, kausha. Rudi na tochi, afu toa gari juani. Ikiwa safi juani ndo uende panel inayofuata.

Baada ya hapo usipake waksi wala silanti, zile za kufunika na kulinda rangi. Klia iliyokaukia hewani inaendelea kutoa thina taratibu, watengenezaji wengi wanataka usubiri siku 30 mpaka 90, fuata kopo lako. Na vitu vyenye silikoni visikae karibu na banda la kupigia rangi, gari inayofuata klia itajitenga na kuacha vitobo vitobo. Mwenye gari mwandikie kwenye risiti kabisa tarehe ya kupaka waksi, na mwambie asiipeleke kawoshi wanakofuta rimu na boneti kwa tambara lile lile, wiki moja tu atakurudia na buibui wake anadai hukufanya kazi.