Kabati la Kichina la kuchonga kwa mkono: anzia mgongoni

Leo tunalichukua lile kabati jekundu la harusi, lenye bamba la duara la shaba katikati ya milango. Mengi yanayouzwa ni ya karne ya 19, mwishomwisho wa utawala wa Qing ulioanguka 1912. Mengi zaidi ni ya juzi.

1. Nakshi iache kwanza. Ndiyo inayouza, kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa. Livute kabati ukutani, tazama mgongo. Fundi wa kale hakuhangaika kulainisha huko. Mbao hazilingani unene na alama za zana za mkono zinaonekana. Ukikuta plaiwudi, aga uondoke.

2. Viungo. Fremu hushikana kwa ulimi na tundu. Ubao wa mlango haugundishwi. Umechomekwa tu kwenye mfereji wa fremu, maana mbao hutanuka na kusinyaa. Ukishazeeka husinyaa, na pembeni hutokeza ukanda mwembamba usio na rangi, uliokuwa umejificha mferejini siku kabati linapakwa laka, ile rangi ngumu ya kung'aa. Mimi nikiuona ukanda huo moyo hutulia.

3. Shaba. Inua kishikio. Chini yake pawe na mkwaruzo wa nusu duara, uliochimbwa na kishikio kikibembea miaka yote. Skrubu maana yake kuna mtu kapita baadaye.

4. Sasa nakshi. Ukiona popo usishtuke: kwa Kichina "popo" na "heri" hutamkwa sawa, *fu*. Linganisha popo wa kushoto na wa kulia. Mkono haurudii, bawa moja litakuwa nene kidogo. Wakifanana kabisa, hiyo ni mashine. Pitisha kidole: palipoinuka karibu na kishikio pawe pamelika, kule juu kwenye kona bado pakali. Uchakavu uliosambaa sawasawa ni wa msasa.

Maswali

*Fundi, muuzaji kasema langu ni la enzi ya Ming, limejaa nakshi hadi miguuni. Nimlipe?*

Subiri. Ming ni 1368–1644, na makabati yake yanayosakwa sana sifa yao ni mbao na umbo, nakshi kidogo au hakuna. Laweza kuwa zuri, ila si kwa bei ya Ming.

*Langu limefifia. Nipige msasa na vanishi?*

Hapana, ndugu yangu! Umri wake wote uko kwenye ule weusiweusi. Brashi laini kwenye nakshi, kitambaa kikavu kwingine, basi. Na lisogeze mbali na kiyoyozi, hewa kavu hupasua mbao.

*Shikamoo mkuu. Hiyo huanghuali wanayoisifia ni mti gani?*

Marahaba. Ni jamaa wa mpingo wetu, wote ni wa jenasi moja ya miti, Dalbergia. Na zitan, mbao nyingine ya thamani ya Kichina, ni jamaa wa mninga. Kabati jekundu la harusi kwa kawaida halitumii mbao za thamani hiyo, laka inafunika kila kitu. Ukiipata huanghuali ya kweli nje ya nchi, kumbuka Dalbergia zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Uliza kibali kabla hujalipia meli.