Jicho likitokeza, unaweka kodi gani?

Kodi hii si ya nyumba wala ya TRA. Ni zile herufi na namba za ugonjwa tunazojaza kwenye fomu za bima. Mimi nipo dirisha la madai, hospitali moja hapa Ilala, mwaka wa saba sasa.

Dokta akiandika "proptosis", yaani jicho kutokeza, wengi wanabandika H05.2, kodi ya jicho lililotokeza, na kufunga faili. Usifunge. Jicho halitokezi bure, lipo linalolisukuma kutoka nyuma. Rudi kwenye kurasa ulitafute.

Nilishika faili la mama mmoja wa Mbagala. Macho yote mawili yametoka, mapigo ya moyo 118, kakonda, shingoni ana rovu. Maabara, vipimo vya homoni za tezi: TSH chini kabisa, T4 juu. Tezi ya shingo (thyroid) hiyo, inafanya kazi kupita kiasi. Lakini dokta aliandika neno lile moja tu, na mimi si tabibu, sina ruhusa ya kubuni ugonjwa kwa kusoma majibu. Nikapanda ngazi, akaongeza mstari kwa mkono wake. Ndipo nikaweka E05.0, ya ugonjwa wa tezi wenyewe, halafu H06.2, ya jicho lililotokezwa na tezi hiyo. Kwenye kitabu cha kodi cha WHO (ICD-10), ya kwanza ina alama ya msalaba, ndiyo chanzo; ya pili nyota, ndiyo matokeo. Msalaba unatangulia, nyota haiendi peke yake hata siku moja.

H05.2 iachie jicho ambalo chanzo chake bado hakijaandikwa. Limevimba ghafla, jekundu, na homa juu? Usaha nyuma ya jicho unaingia H05.0. Saratani ya retina, ile ya watoto, ni C69.2. Na mtoto aliyezaliwa na presha ya macho ni Q15.0: jicho lake limekua, halikutokeza.

Nilipoanza kazi niliokota H05.243 kwenye simu, nikaiona imekamilika kuliko yetu. Dai likarudi. Ile ni ya Marekani, wao huongeza tarakimu ya upande: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili. Toleo la WHO tunalotumia linaishia H05.2, upande uandike kwa maneno.

Hapo kwenye upande chunga "OD". Kwenye uchunguzi wa macho ni jicho la kulia, kwenye dawa, mistari miwili chini, ni mara moja kwa siku. Ukisita, muulize dokta mapema. Akishaingia foleni ya Buguruni hapokei simu.