SOMO: Alaina, ukoga na afya ya kinywa

Kwa kuwa swali la kama alaina, yaani vifuniko vya plastiki angavu vya kunyooshea meno, "zinaleta bakteria mdomoni" linarudi kila wiki, naandika jibu moja ili nisilirudie tena. Bakteria walikuwamo kabla ya alaina. Kinachobadilika ni kwamba plastiki hii, inayovaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, huzuia mate kuyafikia meno vizuri, ilhali mate ndiyo yanayosuuza sukari, yanayopoza asidi na kuirudishia enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, madini yake.

Hatua ya 1. Nawa mikono, kisha vua alaina kabla ya kula.

Hatua ya 2. Ukiwa umezivaa, kunywa maji matupu tu.

Hatua ya 3. Piga mswaki kabla ya kuzirudisha. Hapa ndipo wengi huharibu, hasa wale wanaokunywa chai ya maziwa yenye sukari, wakatafuna zabibu kavu mbili tatu, kisha wakavaa alaina papo hapo. Bakteria kama Streptococcus mutans huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mate ambayo yangeituliza hali hiyo yamefungiwa nje. Dalili ya kwanza ni madoa meupe kama chaki karibu na ufizi au kandokando ya vishikizo vya resini (vinundu vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili kushika alaina), nayo hayaumi, ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Kama huna mswaki, sukutua kwa maji mengi.

Hatua ya 4. Sugua alaina kwa mswaki laini na sabuni ya maji isiyo na manukato. Usitumie maji ya moto, kwani huipinda plastiki, wala dawa ya meno yenye chembechembe, kwani huikwaruza, na ukoga, yaani utando wa bakteria, hujishikiza kwenye mikwaruzo.

MASWALI

— Soda je, nikinywa kwa mrija?
— Soma hatua ya 2.

— Mbona mimi sipigi mswaki mchana na sijatoboka?
— Madoa niliyoyataja hayaumi. Mwone daktari wa meno akuangalie.

— Samahani mwalimu, niko Chamwino, maji ya kisima chetu yana chumvi na alaina zimeshika ukoko mweupe mgumu.
— Ahsante kwa kueleza vizuri, dada. Inaelekea ni madini ya maji yaliyochanganyika na yale ya mate. Ziloweke kwa nusu saa katika siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, uzisugue taratibu na kuzisuuza. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya kunywa.

— Je, waya wa kunyooshea meno si salama zaidi, maana haufuniki jino lote?
— Kwa ufizi, mara nyingi ni kinyume: waya hauvuliwi, hivyo uzi wa meno hupita kwa shida na ukoga hujikusanya kirahisi. Faida ya alaina ni kwamba huvuliwa, lakini asiyepiga mswaki haipati.

— Nyongeza: kiangazi cha huku Dodoma hukausha mdomo, nami huweka chupa ya maji kando ya kitanda.
— Naam, kaka. Mdomo mkavu una mate machache, na usiku hupungua zaidi.